TV ya 4K mezani badala ya monita: wenye nazo na wanaotaka kununua tukutane hapa

RamaniGungu

Wakuu, salaam. Kila mteja anayeingia ofisini kwangu hapa Gungu, Kigoma, huanza na swali la TV kabla ya swali la ramani yake. Naandika mara moja hapa, baada ya leo nitakuwa natuma linki tu.

Mimi nachora ramani za nyumba. Kutwa nzima macho yangu yako kwenye mistari myembamba na tarakimu ndogo za vipimo. Skrini yangu ni TV ya inchi 43 ya 4K, imesimama juu ya meza mbele yangu, haijatundikwa ukutani. Kushoto inakaa ramani ya vyumba, kulia sura ya mbele ya nyumba, chini hesabu ya vifaa, na kona moja inabaki kwa ajili ya WhatsApp ya mteja anayeuliza kama kazi imeisha. Zamani hayo yote yalikuwa yanapokezana kwenye kioo kimoja cha laptopu.

Kwa nini si monita? Kwa Kigoma jibu ni jepesi. Monita ya 4K ya ukubwa huo ni ya kuagiza, TV zimepangwa kwenye maduka ya mtaa wa Mwanga mpaka barazani. Lakini sikilizeni vizuri: ukiitoa TV kwenye boksi ukaichomeka hivyohivyo, utaichukia siku hiyohiyo. Imetengenezwa kumpendezesha mtu aliyekaa kwenye kochi anaangalia mpira. Inanoa picha, inakoleza rangi, inabuni picha za katikati ili mwendo uonekane laini, na inafanya hayo yote bila kukuuliza. Herufi hazitaki kupambwa. Kazi yako kubwa ni kuiambia TV iache ufundi wake.

Kabla ya hapo, hesabu. 4K ni pikseli (vile vinukta vinavyounda picha) 3840 kwa 2160, jumla kama milioni 8.3. Full HD ni 1920 kwa 1080, milioni 2 na kidogo. TV ikiwa kubwa zaidi pikseli haziongezeki, zinanenepa. Kwenye inchi 43 unapata kama pikseli 102 ndani ya kila inchi. Inchi 50 ni 88. Inchi 55 ni 80. Inchi 65 ni 68. Monita ya kawaida ya ofisini, inchi 24 ya Full HD, ni 92. Kwa hiyo inchi 43 ya 4K ni kali kuliko monita uliyoizoea, na ukiigawa kwa mawazo vipande vinne unapata skrini nne za Full HD za inchi 21.5 zisizo na fremu katikati. Ndiyo maana kwa kazi ya maandishi mimi nasema inchi 43, au 50 kwa mwenye meza pana. Zaidi ya hapo unanunua sinema.

Mengine tutayachambua kwa maswali.

kobe_wa_reli

Nimekaa siti ya dirishani. Weka picha ya hiyo meza mkuu.

MgebukaMkavu

Bei mkuu? Na mimi ninayo inchi 32 "smart" ya chumbani, si naweza kuanza nayo?

RamaniGungu

Bei inabadilika kila mzigo ukishuka, pita Mwanga uulize maduka matatu manne halafu rudi duka la kwanza.

Hiyo inchi 32 usijisumbue kwa kazi ya kusoma. Inchi 32 nyingi zinazouzwa huku kioo chake ni 1366 kwa 768. Ukituma Full HD inaipokea vizuri tu, hata menyu itaandika 1080, halafu inaibana iingie kwenye pikseli chache ilizo nazo. Herufi zinatoka zimepondeka. Pikseli moja pale ni kama nusu milimita, unaiona kwa macho.

Na hapo kuna mtego wa stika. Boksi linaweza kuandikwa 4K kwa herufi kubwa kwa maana kwamba TV inaweza *kucheza* faili la 4K, ilhali kioo si cha 4K. Usisome stika ya mbele. Tafuta namba 3840 x 2160 kwenye maelezo ya kioo. Ukiikosa, tafuta namba ya modeli nyuma ya TV, uipekue mtandaoni ukiwa hapohapo dukani. Muuzaji akinuna, duka la jirani lipo.

DadaUjiji

Habari zenu kaka zangu. Uzi umenikuta na tatizo mkononi.

Mimi natunza hesabu za wafanyabiashara wa dagaa na migebuka hapa Ujiji. Ni Excel asubuhi mpaka jioni, daftari la kila mtu na safu zake. Nina TV ya sebuleni ya inchi 50, ni 4K ya kweli, nimeangalia namba. Laptopu ni ThinkPad T480 ya mtumba. Nimechomeka kwa HDMI, picha imekuja, lakini:

Kishale cha kipanya kinachelewa. Nasogeza mkono, chenyewe kinafuata baadaye.

Ukingo wa chini umekatwa, saa na vitufe vya Windows sivioni vizuri.

Na madeni ninayoyaandika kwa wekundu yamechafuka pembeni, hasa niliyoyawekea rangi ya bluu nyuma yake. Yaliyo meusi kwenye nyeupe yana nafuu.

Mume wangu anasema TV imekufa, anataka kuipeleka kwa fundi. Nisaidieni kabla hajaifunga kwenye bodaboda.

KibiriziFundi

Mimi ndiye fundi mwenyewe, dada. Usiilete. TV ni nzima. Na kwa bodaboda ndiyo itakufa kweli.

RamaniGungu

Dada, hayo ni matatizo matatu tofauti na yamekukuta kwa pamoja, ndiyo maana inaonekana kama ugonjwa mmoja. Tuanze na jepesi.

Ukingo kukatwa ni urithi wa TV za zamani za chogo. Zile kingo zake hazikuwa sahihi, kwa hiyo picha ilikuzwa kidogo ili uchafu wa pembeni ujifiche. TV za leo hazina shida hiyo lakini nyingi zimerithi tabia. Tafuta kwenye menyu ya picha, sehemu ya ukubwa au umbo la picha. Kwenye LG imeandikwa "Just Scan", Samsung kuna "Fit to Screen", Sony "Full Pixel". Kwako huenda jina ni lingine, ila utaijua: ukiibonyeza, kingo zinarudi na herufi zote zinakaza ghafla, kwa sababu sasa pikseli moja ya kompyuta imekaa juu ya pikseli moja ya TV.

Kishale kuchelewa kuna sababu mbili. Ya kwanza ni laptopu. Tundu la HDMI la T480 ni la toleo 1.4, na toleo hilo kwenye 4K linaishia hezi 30. Picha inachorwa mara 30 kwa sekunde badala ya 60. Laptopu nyingi za mtumba tulizo nazo mikononi ziko hivyohivyo. HDMI 2.0 iliyotoka 2013 ndiyo iliyoleta 4K ya hezi 60, lakini watengenezaji wa laptopu hawakuikimbilia. Dawa kwako ipo: T480 ina tundu la USB-C, lile unalochajia. Hilo linatoa 4K kwa hezi 60. Nunua adapta ya USB-C kwenda HDMI, ila hakikisha imeandikwa 4K 60. Kuna nyingi zimeandikwa 4K tu, ukifungua unakuta 30 ileile uliyoikimbia.

Sababu ya pili ni TV yenyewe kushughulika na picha kabla ya kuionyesha. Weka hali ya "Game". Usicheke, haina uhusiano na michezo, inazima tu ile mashine ya kupamba. Halafu shusha kunoa picha mpaka sifuri, zima kulainisha mwendo, zima kusafisha chenga. Kwa Sony kunoa kusishuke sifuri, kuache katikati, kwao katikati ndiyo kawaida.

Wekundu subiri kwanza, ufanye haya mawili.

MnyamweziOg

Nikiwa hapa Isevya, Tabora, nawasoma nyie watu wa mwisho wa reli na kutikisa kichwa. Nani kakwambia zaidi ya inchi 50 ni sinema? Mimi nahariri video za harusi kwenye inchi 55 na sijawahi kutamani ndogo. Hesabu zako ziko sawa, mkuu, ila umesahau kiti. Sogeza kiti.

Chukua pikseli ya inchi 55, ni milimita 0.32 hivi. Jicho zima la kawaida linatofautisha kitu cha dakika moja ya nyuzi, yaani nyuzi moja ukiigawa mara 60. Piga hesabu, kwenye mita moja na sentimita kumi pikseli zinapotea, huzioni tena. Inchi 43 zinapotea kwenye sentimita 85. Tofauti ni sentimita 25 za kusogeza kiti. Unamnyima mtu TV kwa sababu ya sentimita 25?

RamaniGungu

Karibu Og, nilijua harufu ya matoborwa ingefika.

Hesabu yako sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni shingo. Inchi 55 ina kimo cha sentimita 68, na ikisimama kwenye miguu yake juu ya meza, ukingo wa juu uko juu ya kichwa chako. Wewe unahariri video, unaangalia katikati, huku chini ni mstari wa muda. Mimi nasoma kona zote nne. Ukisoma kona ya juu kulia kutwa nzima kwa kidevu kilichoinuliwa, jioni shingo inakudai. Na ukirudi nyuma mita moja na kumi, faida ya ukubwa inapungua, kwa sababu kwa jicho lako inabaki na upana uleule wa inchi 43 iliyo karibu. Umelipia kioo kikubwa ili ukiweke mbali.

MnyamweziOg

Mimi nimeitoa miguu, nimeifunga kwenye mkono wa ukutani ukingo wa chini ukigusana na meza. Shingo haijanidai kitu. Na nikiita bwana harusi aje kuona kazi, haulizi pikseli, anaona harusi yake kubwa, analipa. Hiyo kwenye inchi 43 yako haipo.

Tukubaliane hivi: msomaji 43, mtengeneza video 55. Inchi 65 ya mezani hata mimi sitetei.

RamaniGungu

Hapo sawa. Na hiyo ya kutoa miguu kila mtu aichukue, hata wa inchi 43. Ukingo wa juu uwe usawa wa macho au chini kidogo.

MwalimuMstaafu_Katubuka

Vijana, mimi nauliza kama mtu mzima. Mnakaa hatua moja kutoka kwenye TV kutwa nzima. Tulikuwa tunawafukuza watoto wasikae karibu na TV, leo baba zao ndio wanakaa karibu. Macho je?

RamaniGungu

Shikamoo mwalimu. Swali zito na linastahili.

Kinachoumiza kwanza ni mwanga. TV inatoka kiwandani imewekwa ing'ae ishindane na taa za dukani. Ukikaa nayo karibu hivyo, lazima uumwe. Shusha mwanga wa nyuma wa kioo mpaka karatasi nyeupe uliyoiweka pembeni na ukurasa mweupe wa kwenye skrini vifanane. Chagua rangi ya joto, ule ubluu uondoke. Zima ile hali ya kuokoa umeme inayopandisha na kushusha mwanga yenyewe, inasumbua mno ukifungua ukurasa mweupe baada ya mweusi.

Pili, baadhi ya TV zikishushwa mwanga haziwaki kwa mwanga mdogo, zinawaka na kuzima haraka sana. Wengine hawahisi kitu, wengine kichwa kinawauma. Pima ukiwa dukani: shusha mwanga, kisha pepea kalamu mbele ya skrini nyeupe. Ukiona kalamu nyingi zimekatika-katika badala ya ukungu mmoja, TV hiyo inapepesa.

Tatu ni kukodoa. Mtu akiangalia skrini hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, macho yanakauka. Kila baada ya dakika 20 hivi angalia mbali kidogo. Mimi dirisha langu linaona ziwa, sina kisingizio.

MwalimuMstaafu_Katubuka

Marahaba. Nimekuelewa. Nilikuwa nauliza kwa sababu mimi mwenyewe nasoma magazeti na vitabu kwenye kompyuta ya mjukuu wangu, na herufi nazifukuzia. Hiyo kubwa yenu itanisaidia au itanipotezea fedha ya kiinua mgongo?

MnyamweziOg

Mwalimu, shikamoo. Kwako wewe mimi nashinda ubishi. Inchi 50 au 55, kisha Windows unaiambia ikuze kila kitu asilimia 150. Unakaa kwa raha kwenye kiti chako, gazeti linakuja na ukubwa wa gazeti, na herufi hazipasuki kwa sababu pikseli zipo za kutosha kuzichora. Hiyo ndiyo faida ya 4K ambayo Full HD ya ukubwa uleule haikupi. Full HD ukiikuza, unakuza na meno ya herufi.

MgebukaMkavu

Haya, mwenye kompyuta ya mezani ya mtumba je? Nina HP EliteDesk 800 G2. Nyuma haina HDMI, ina tundu nisilolijua limekatwa kona moja.

RamaniGungu

Hilo lililokatwa kona ni DisplayPort, na kwa bahati ni zuri kuliko HDMI ya umri wake. Mashine yako inatoa 4K kwa hezi 60 kupitia hapo. Ubaya ni kwamba TV hazina tundu hilo, kwa hiyo unahitaji kibadilishaji. Viko vya aina mbili. Cha bei ya chini hakina akili ndani, kinapitisha tu alama za HDMI ambazo mashine inazitoa yenyewe, na kwa mashine ya rika hilo vinaishia hezi 30. Unachotaka ni kile chenye chipu ya kubadilisha, kinachotajwa DisplayPort 1.2 kwenda HDMI 2.0. Ni ghali kidogo. Nunua hicho.

Waya wa HDMI nao usiuchezee. 4K ya hezi 60 inapitisha mpaka gigabiti 18 kwa sekunde, na waya mrefu wa bei ya karanga utakuletea vinukta vinavyometameta au skrini kuzima sekunde mbili na kurudi. Watu hudhani TV ni mbovu. Chukua wa mita mbili, usichukue wa mita kumi kwa sababu umeupata.

kobe_wa_reli

Umeme unakula kiasi gani? Huku kwetu luku inasomwa kama matokeo ya mechi.

RamaniGungu

Angalia stika ya nyuma. Inchi 43 za LED nyingi ziko kati ya wati 60 na 100, monita ya inchi 24 ni kama 20. Ukishusha mwanga nao ulaji unashuka. Jambo ambalo watu hawalifikirii ni umeme kukatika: laptopu inaendelea na betri yake, TV inazima, na madirisha yote yanakimbilia kwenye kioo kidogo. Si msiba, ila kompyuta ya mezani inataka UPS (betri ya akiba), na UPS ndogo ya dukani ikibebeshwa mashine na TV kwa pamoja itakupa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima tu. Usipange kufanya kazi nayo.

Kitu kingine kinachoudhi: kompyuta ikilala, TV hailali. Monita inalala yenyewe, TV inakaa na maandishi "hakuna mawimbi" yakizunguka mpaka uokote rimoti. Kadi za picha nyingi za kompyuta haziwezi kuizima TV kwa waya wa HDMI kama king'amuzi au kisanduku janja cha TV kinavyofanya. Rimoti inakaa mezani kama sehemu ya kibodi, zoea.

KibiriziFundi

Sasa nami niseme langu, maana nyinyi mnaongea pikseli na mimi naongea ninachokiona mezani kwangu masika.

Radi. Kigoma hii radi hazina utani. Dishi liko juu ya paa, waya wake unaingia kwenye king'amuzi, king'amuzi kinaingia TV kwa HDMI, na TV sasa imeunganishwa na kompyuta yako kwa HDMI nyingine. Umejenga daraja kutoka kwenye paa mpaka kwenye hesabu zako. Naletewa TV ambazo kioo ni kizima, umeme ni mzima, tundu la HDMI limekufa. Kifaa cha kulinda umeme ukutani hakizuii hicho kwa sababu radi haikupita ukutani. Wingu likijenga upande wa Kongo, chomoa waya wa dishi, usichomoe plagi peke yake. Ofisini kama unaweza, TV ya kazi isiunganishwe na dishi kabisa.

Jingine, chaja za laptopu zisizo na waya wa ardhi. Ukigusa bati la TV na laptopu unahisi mtetemo kwenye vidole. Usichomeke HDMI vyombo vikiwa na umeme katika hali hiyo. Zima, chomeka, washa.

Na kumbikumbi. Mvua za kwanza zikinyesha usiku, skrini kubwa nyeupe ndiyo taa yao. Wanaingia kwenye matundu ya nyuma ya kutolea joto, wanafia humo. Weka wavu dirishani au fanya kazi kwa ukurasa mweusi usiku huo.

MgebukaMkavu

Kumbikumbi wengine tunawakaanga fundi, usiwafukuze.

DadaUjiji

Nimerudi. Adapta nimeipata mjini, imeandikwa 4K 60. Kingo zimerudi, nilizikuta sehemu ya umbo la picha. Kishale sasa kinafuata mkono, hata mwanangu kashangaa. Hali ya "Game" nimeweka, kunoa sifuri.

Lakini wekundu bado. Umepungua kidogo, ila deni la shilingi laki nane nasoma laki tatu. Hapo mtu atagombana na mteja.

RamaniGungu

Safi, sasa tuje kwenye wekundu, hapa ndipo pana utamu.

Ili kubana njia, TV hupenda kupokea mwanga wa kila pikseli kamili lakini rangi ikagawanywa: pikseli nne jirani zinashirikiana rangi moja. Kwenye sinema huoni. Kwenye herufi nyekundu juu ya bluu unaona mara moja, kwa sababu tofauti ya herufi na nyuma yake iko kwenye rangi, haiko kwenye mwanga. Nyeusi juu ya nyeupe inapona kwa sababu yenyewe ni mwanga tu. Hali hiyo huandikwa 4:2:0, ya kati ni 4:2:2, na unayoitaka ni 4:4:4 au RGB, kila pikseli na rangi yake.

Mambo matatu uyaangalie. Kwanza kwenye TV, kila tundu la HDMI lina mpangilio wake wa kufungua njia yote. Samsung wanauita "Input Signal Plus", LG "HDMI Deep Colour", wengine wanaandika "Enhanced" au HDMI 2.0. Ufungue kwa tundu unalotumia, usifungue la king'amuzi. Pili, kama TV inakuruhusu kulipa tundu jina, lipe "PC". Samsung na LG jina hilo si pambo, linabadilisha jinsi TV inavyoshughulikia rangi. Tatu, nenda kwenye laptopu, setingi za skrini, sehemu ya maelezo ya juu zaidi. Windows inakuandikia hezi, biti (wingi wa vivuli vya kila rangi) na aina ya rangi. Nitumie inachosema.

DadaUjiji

Hezi 60. Biti 10. YCbCr422. Na kuna kitufe cha HDR kimewashwa, nilidhani kikiwashwa ndiyo vizuri.

RamaniGungu

Huyo hapo, hiyo 422 ndiyo ile 4:2:2 niliyoitaja. Kwenye HDMI 2.0, 4K ya hezi 60 yenye rangi kamili inaenea kwa biti 8. HDR, ile hali ya kutanua mwanga na rangi za sinema, inataka biti 10, na biti 10 na rangi kamili haviingii pamoja kwenye njia hiyo, kwa hiyo kompyuta inakata rangi ili ipite. HDMI 2.1 ina njia pana ya kutosha, lakini adapta na laptopu yako si za hiyo. Zima HDR, Excel haina haja nayo. Kisha ingia kwenye programu ya picha ya Intel uchague RGB. Kama nyeusi itaonekana kijivu au vivuli vimezama, linganisha masafa ya rangi: kompyuta ikituma 0 mpaka 255, TV nayo iwe ya masafa kamili. Moja ikiwa ya 16 mpaka 235 na nyingine ya 0 mpaka 255, hazielewani.

MnyamweziOg

Na ukimaliza hayo, dada, andika ClearType kwenye kitafutio cha Windows ufuate maswali yake. Baadhi ya TV vinukta vya rangi ndani ya pikseli vimepangwa kinyume, bluu kwanza badala ya nyekundu. Windows ikilainisha herufi kwa mpangilio usio wake, kila herufi inapata kivuli cha rangi ubavuni. Pale inakuuliza ipi inasomeka, unachagua kwa jicho.

Kwa wenye fedha wanaotazama OLED, zile TV ambazo kila pikseli inawaka yenyewe: upau wa chini wa Windows ukikaa palepale kila siku unaweza kuchora alama ya kudumu. Uufiche. Mimi kwa kazi ya safu za Excel nisingeinunua.

DadaUjiji

Biti 8, RGB, hezi 60. Laki nane ni laki nane! Kaka zangu Mungu awabariki. Safu ambazo nilikuwa navuta kulia kushoto sasa zote zinaonekana, Januari mpaka Desemba kwa wakati mmoja.

Imebaki shida isiyo ya kompyuta. TV ni ya sebuleni, saa mbili usiku ni taarifa ya habari, na mwenye rimoti si mimi.

kobe_wa_reli

Hiyo setingi haimo kwenye menyu.

RamaniGungu

Mwachie shemeji TV yake, dada. Kwa kazi yako nunua inchi 43 uiweke chumba cha kazi. Adapta na waya unavyo tayari.

KibiriziFundi

Ukiinunua, iwashwe hapohapo dukani. Waambie waweke picha nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu. Kwenye nyeupe tafuta madoa na kona zenye kivuli, kwenye nyeusi tafuta nukta zinazowaka. Filamu ya maonyesho waliyoiweka usiiangalie, ile inaficha kila kitu. Na kama utaiagiza Dar, kwa basi au kwa treni, boksi lisimame, lisilazwe na lisiwekewe mzigo juu. Kioo kikilazwa kinabonyea kwa uzito wake njia nzima. Mwambie mpakiaji mbele ya macho yako, kuandika kwenye boksi hakutoshi.

DadaUjiji

Nitafuata. Meza ninayo tayari, ina kina cha sentimita 60. Itatosha?

RamaniGungu

Haitatosha kwa TV yenye miguu. Macho yatakuwa nusu mita kutoka kwenye kioo, utakuwa unageuza kichwa kutafuta Desemba. Kina kianzie sentimita 80. Au uifunge ukutani halafu meza uisogeze mbele kidogo, upate hizo 20 zinazopungua.

DadaUjiji

Ukuta ni wa tofali za kuchoma, unashika skrubu?

KibiriziFundi

Unashika ukitoboa kwenye tofali lenyewe, usitoboe kwenye maungio ya udongo. Jumamosi napita Ujiji, nitakuja na drili.